Andika Hiyo Pia

Dadangu alinipigia simu Ijumaa jioni akaniuliza kama laptopu yangu bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya, bora isitolewe kwa chaja.

"Njoo nayo Jumapili," akasema. "Kuna kitu mimi na shemeji yako tunataka utuandikie. Wewe si ndiye mwandishi?"

Tangu niache chuo nimewaandikia watu vitu vingi: barua za kuomba kazi, wasifu wa marehemu, maelezo ya viatu vya kuuzwa Instagram. Sikuwa nimewahi kuandika ndoa ya watu inayoisha. Tena watu wenyewe ni hawa walionilea nusu ya maisha yangu ya Nairobi.

Walikuwa wamemwona wakili. Aliwaambia wazi kwamba wakija kwake wakiwa bado wanavutana, watalipia kila saa ya kuvutana. Wakija na orodha waliyokubaliana, kazi yake itakuwa kuipitia, kuwaonyesha penye shida na kuiweka katika lugha ya sheria. Kwa hivyo Jumapili hiyo tuliketi watatu kwenye meza ya kulia Kayole, watoto wakiwa kwa jirani, mimi katikati kama karani wa chifu. Nikachapa vichwa vitatu: MALI. MADENI. WATOTO.

Mama alikuwa amenipigia asubuhi hiyo kutoka ushago. Kutengana kwenyewe alikuwa ameanza kukubali. Kilichomuuma ni kuandika. "Watu waliozaa pamoja," aliniuliza, "wanaanzaje kuhesabiana vijiko?"

Nilibeba swali lake kwa matatu hadi Kayole na bado ninalo. Maana si swali la mama peke yake. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba penye mapenzi hakuna hesabu. Rafiki akikukumbusha kwamba alikulipia nauli, umeshajua urafiki umeingia doa. Mke akiandika alichoweka nyumbani, watu watauliza kama alikuja kuolewa au kufanya biashara. Kuhesabu ni kazi ya duka, na nyumba si duka.

Lakini ndoa hii ilianza kwa karatasi, na mimi nilikuwepo. Miaka 11 iliyopita walisimama mbele ya msajili pale Sheria House, Harambee Avenue, wakasaini, mashahidi wakasaini, tukapiga picha nje kisha tukaenda kula kuku. Hakuna aliyesema karatasi ile ni ya watu wasiopendana. Tulishangilia saini. Sasa mbona saini ya kuingia ni furaha na saini ya kutoka ni aibu?

Tukaanza na mali. Vitu vya nyumba vilituchukua dakika 20: kochi, friji, runinga, mitungi miwili ya gesi. Kila mmoja alimwachia mwenzake kwa haraka, kama wageni wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama. Probox na vifaa vya kazi vikaenda kwa shemeji, ambaye ni fundi wa mabomba. Duka la vifaa vya ujenzi likabaki kwa dadangu, kwa sababu yeye ndiye hulifungua na kulifunga.

Kisha tukafika kwa ploti ya Joska. Hamsini kwa mia, hati ina jina moja.

Nataka uelewe kwamba shemeji si mtu mbaya. Aliposema "ploti nilinunua mimi," alisema vile mtu husema leo ni Jumapili. Hakuwa anaiba. Alikuwa anakumbuka.

"Na deposit ilitoka wapi?" dadangu akauliza.

Akafikiria. "Ile ya chama?"

"Ile ya chama."

"Hiyo si ulinisaidia tu, mama watoto."

Nilikuwa na vidole juu ya kibodi na sikujua nichape nini. Neno *kusaidia* lilikuwa limekaa katikati ya meza. Ukimsaidia mtu, kitu ni chake. Wewe umepita tu, umeshika upande mmoja wa mzigo, ukaenda zako.

Sheria ina neno lingine. Inasema mchango. Nilikuwa nimesoma usiku ule wa Jumamosi ili nisije nikaandika upuzi, na nilichopata kilinishangaza. Hadi mwaka 2013, mahakama zetu ziligawa mali ya wanandoa kwa kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kuwa mke pekee hakumpi mtu sehemu ya mali, na kazi za nyumbani hazikuhesabiwa kama mchango wa kununua chochote. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 45 inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa kwenye ndoa na wakati ndoa inavunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaongeza kwamba mchango si pesa tu. Inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, hata kuwa mwenzi wa mtu.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Hayakuisha. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba haki sawa haimaanishi kila mmoja anapata nusu papo hapo. Mahakama itaangalia mchango, na mchango lazima uonyeshwe. Katika kesi hiyo yenyewe wahusika waligawiwa nusu kwa nusu, kwa sababu mchango wa mke ulionekana. Sheria imekubali kwamba kupika na kulea ni mchango, kisha inakuuliza: uko na ushahidi?

Sasa fikiria nani huwa na ushahidi katika nyumba. Anayelipa ploti hupewa risiti na hati. Anayelipa karo hupewa stakabadhi yenye mhuri. Anayeamka saa kumi na moja kuchemsha uji hapewi kitu. Nani ameweka risiti ya uji? Dadangu alisimama nyuma ya kaunta ya lile duka miaka tisa, mimba ya pili yote akiwa amesimama, na duka halina karatasi hata moja inayosema alikuwa hapo. Pesa ya chama aliitoa taslimu mkononi mwa mumewe, kwa sababu ni mumewe. Angemwomba asaini, tungemwita mkali.

Hapo ndipo nilianza kutokubaliana na mama. Nyumba isiyohesabu haimwachi kila mtu sawa. Wa jina kwenye hati amehesabiwa tayari, na ardhi inamhesabia kila siku hata akiwa amelala. Tukisema "tusihesabiane," tunayemwambia anyamaze ni yule mwingine. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Sawa. Lakini sasa dadangu alikuwa anaenda zake kweli kweli, na swali likawa kama aende mikono mitupu.

Shemeji alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Andika nusu kwa nusu. Na uandike hakuna mtu atauza bila mwingine kusaini." Nikaandika. Hakusema neno *kusaidia* tena siku hiyo.

Madeni.

Hapa nilitarajia kazi rahisi. Kila nyumba ya Nairobi ina madeni yaleyale: mikopo ya simu, bili ya duka, pesa ya jirani, deni la jumla kwa anayeleta saruji. Sheria nayo iko wazi kuliko nilivyodhani. Deni ulilokuja nalo kabla ya ndoa ni lako. Deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa mnaligawana sawa. Tukawa tunaenda hivyo, moja moja, tukiuliza: hili lilikuwa la nani? Mkopo wa simu alioutumia shemeji kubeti mwaka jana, akasema mwenyewe ni wake kabla hajaulizwa. Deni la saruji likafuata duka.

"Kuna ile ya sako," dadangu akasema.

"Hiyo achana nayo," shemeji akajibu haraka.

Nilijua ni ipi kabla hawajaitaja. Mimi ndiye niliyeula ule mkopo. Shemeji aliuchukua kwa jina lake, shilingi 120,000, nilipoingia mwaka wa pili na pesa za serikali hazikutosha karo na nyumba. Nilisoma hadi katikati ya mwaka wa tatu nikaacha. Sababu zangu zilikuwa na uzito kwangu, lakini si za hapa. Kilicho cha hapa ni kwamba digrii haipo na deni lipo. Lilikuwa limebaki shilingi 74,000.

"Hiyo ilikuwa zawadi, bana," shemeji akasema akiniangalia mimi. "Huwezi weka zawadi kwa orodha ya madeni. Mimi nitamalizana na sako."

Nilitamani kumshukuru. Kusema ukweli nilitamani pia mada ipite haraka, tufike kwa watoto. Kama ni zawadi, basi sina deni, na kama sina deni naweza kuendelea kuketi pale kama karani.

Lakini dadangu akasema, "Andika hiyo pia."

"Mama watoto, kijana hana kazi."

"Sijasema alipe. Nimesema iandikwe. Ile pesa ya kulipa sako kila mwezi ilikuwa inatoka wapi? Si ilikuwa inatoka dukani? Si ni mimi nilikuwa natuma? Ukiita hiyo zawadi, zawadi ni yako peke yako. Halafu na miaka yangu pale dukani itaitwa zawadi pia. Kila kitu changu kitakuwa zawadi. Andika."

Sijawahi kusoma mwanafalsafa aliyenifundisha zaidi ya sentensi hizo. Nilikuwa nimezoea kudhani zawadi ni kitu safi na deni ni kitu kichafu, kwamba anayesamehe deni amepanda juu na anayelidai ameshuka. Sikuwa nimeona kwamba zawadi ina jina la mtoaji. Mkopo ulichukuliwa kwa jina moja, ukalipwa kwa jasho la wawili. Siku ulipogeuzwa kuwa zawadi, mmoja wao angefutwa. Ukarimu wa shemeji ulikuwa wa kweli, na bado ungekula sehemu ya dadangu bila yeye kukusudia.

Tukabaki na swali la sheria: karo ya shemeji wa mtu, ndugu wa mke, ni manufaa ya ndoa? Nyumba nyingi za Kenya zingesema ndiyo bila kusita. Kuolewa kwetu si kuolewa na mtu mmoja. Unaoa na wadogo zake, na karo zao, na mazishi ya shangazi zake. Hiyo ndiyo familia tuliyopewa, na mimi ni tunda lake, hata kama ni tunda lililoanguka kabla ya kuiva. Wakakubaliana kwamba deni ni la wote wawili, shilingi 37,000 kila mmoja. Nikaongeza jambo moja ambalo wakili hatakuwa amelisikia hadi alipolisoma katika rasimu. Wakili ataliandika vizuri atakavyo, ila kwangu nililiandika hivi: pale chini ya deni la sako, mbele ya neno *mnufaika*, niliweka jina langu. Shilingi 2,000 kwa mwezi, elfu moja kwa kila mmoja, kwa miezi 37.

Hapo lazima niseme kitu ambacho watu wengi wanaotengana hugundua wakiwa wamechelewa. Sako haikuketi nasi mezani. Makubaliano ya mume na mke hayamfungi mkopeshaji. Aliyesaini fomu ya mkopo ndiye atakayetafutwa, na asipopatikana wadhamini wake ndio watakatwa. Karatasi yetu ilimpa shemeji haki ya kumdai dadangu nusu yake. Haikumwondoa kwenye vitabu vya sako. Kwa hivyo hata deni lililogawanywa kwa haki linahitaji watu wawili waendelee kuaminiana kidogo, na hilo ndilo kejeli ya kutengana vizuri: unahitaji uaminifu ambao ungetosha kuokoa ndoa nyingine.

Watoto tuliwaacha mwisho, na hesabu yangu nzuri ikakwama hapo.

Shemeji alianza kwa njia ileile tuliyokuwa nayo. Watoto ni wawili, wazazi ni wawili. Mvulana mkubwa akae naye, msichana mdogo akae na mama. Aliposikia alichosema, alinyamaza mwenyewe. Tulikuwa tumetoka tu kugawa mitungi ya gesi kwa namna hiyo, mmoja kwako, mmoja kwangu.

Katiba inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana, na kwamba katika kila jambo la mtoto, maslahi yake ndiyo yanatangulia. Wazazi wanaweza kuandikiana makubaliano ya malezi, lakini hakimu hafungwi nayo. Akiona yanamuumiza mtoto, anayaweka kando. Nilipenda hilo. Ina maana kuna sehemu moja ya ukurasa ambayo hata watu wawili wakikubaliana na kusaini, bado haiwi yao. Kwenye mali na madeni tulikuwa tunauliza nani alitoa nini. Kwa watoto swali hilo halina maana. Mtoto hagawiwi kulingana na mchango. Aliyeosha nepi nyingi zaidi hapati mtoto zaidi.

Wakati huo msichana akaingia kuchukua sweta. Ana miaka minane na anajua kila kitu, kama watoto wote wa nyumba ndogo. Akasimama mlangoni akauliza, "Nani atakuwa anasaini dayari yangu ya homework?"

Hakuna sheria niliyoisoma Jumamosi iliyokuwa na jibu. Tukafuta tulichokuwa tumeandika tukaanza na dayari. Jumatatu hadi Ijumaa watoto wote wawili watakuwa Kayole, karibu na shule, na mama atasaini. Wikendi mbili kwa mwezi na nusu ya kila likizo watakuwa kwa baba, naye atasaini kazi ya likizo. Karo baba, chakula na nguo mama, matibabu nusu kwa nusu. Wazazi wasitumiane ujumbe kupitia kwa watoto. Hilo la mwisho alilileta shemeji, kwa sababu wazazi wake walimtumia yeye.

Jua lilikuwa limeshuka tulipomaliza. Dadangu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mahali pa kuandika *kwa nini*. Nilielewa. Kulikuwa na mambo yaliyotokea katika nyumba ile ambayo ninayajua na siyaandiki. Nikapitia ukurasa. Mali, madeni, watoto. Hapakuwa na nafasi.

"Hakuna," nikamwambia.

Hapo mama alikuwa na ukweli wake. Kuna vitu vikubwa kuliko vijiko ambavyo hesabu haivifikii: miaka ya mtu, maneno yaliyosemwa usiku, aliyemngoja mwenzake na hakuja. Nusu ya ploti ya Joska si fidia ya hayo. Kama dadangu angeketi pale akitarajia orodha imlipe alichopoteza, angeinuka akiwa amepunjwa tena. Lakini nadhani ni kwa sababu vitu hivyo havihesabiki ndiyo tunapaswa kuhesabu vinavyohesabika. Mtu akinyimwa pia kile chenye namba, atakuwa amebaki na uchungu tu, na uchungu haulipi kodi ya nyumba.

Nikasoma ukurasa wote kwa sauti, kuanzia juu. Nilipofika pale pa duka, palipoandikwa kwamba mke amelisimamia kwa miaka tisa, shemeji akanikatiza. "Na mimba," akasema. "Andika alikuwa anafungua hata akiwa na mimba." Nikaandika. Dadangu akaangalia dirishani. Katika miaka 11, sijui kama mtu yeyote alikuwa amewahi kumwambia hivyo, na aliambiwa siku ambayo wanaachana, kwa sababu karatasi ililazimisha mtu akumbuke.

Niliichapa saibani kesho yake, nakala tatu, shilingi kumi kila ukurasa. Wakili alirekebisha mengi. Laini ya mimba aliiacha.

Nimeshalipa miezi minne. Tarehe tano kila mwezi natuma elfu moja mara mbili. Shemeji hujibu kila mara, "Asante kijana, lakini si lazima." Dadangu hujibu neno moja.

"Imefika."